Meno Tuliyopewa na Maji

Rangi ya meno yangu iliamuliwa kabla sijajua kusoma. Mimi sikuulizwa, mama hakuulizwa, na aliyekuwa akichota maji mtoni alfajiri hakujua kwamba ndoo aliyojitwika ina kitu kitakachokaa kinywani mwangu maisha yote. Sisi tuliokulia miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ngurdoto na Maji ya Chai hadi Usa River na viunga vya Arusha, tunajulikana tukicheka. Unaweza kuketi na mgeni kwenye basi la Mwanza, mkazungumza habari za mvua na bei ya mchele, ukacheka mara moja tu, naye akasema bila kuuliza: "Kumbe wewe ni wa Arusha." Meno ya mbele yamekwisha kutaja kwetu. Yana kahawia isiyotoka kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa chumvi. Kwa wengine ni michirizi myepesi, kwa wengine jino zima limekolea na lina vishimo.

Binti wa dada yangu anataka kuyafunika. Anafikiria kuweka vinia kwenye meno sita ya juu, na swali alilonijia nalo halikuwa la bei wala la maumivu. "Mama mdogo," aliniambia, "nikiweka, nitakuwa nimefanya vibaya?" Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Hakuna binti anayeuliza kama ni vibaya kusuka nywele au kushona gauni jipya. Akiuliza hivyo kuhusu meno, maana yake anahisi kuna deni mahali fulani, na hajui anadaiwa na nani.

Vinia ni ganda la kauri, unene wake kama nusu milimita au zaidi kidogo, linalogandishwa mbele ya jino. Ili ganda likae bila kuusukuma mdomo nje, kwa kawaida daktari wa meno hupunguza kwanza enameli, lile tabaka gumu la nje, kwa milimita 0.3 hadi 0.7. Kwa macho ni kidogo mno. Lakini chembe hai zilizoijenga enameli hufa jino linapochomoza, na mwilini hakuna fundi mwingine wa kuirudisha. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatwa hufunga, ila enameli iliyosagwa imekwenda. Kauri nayo ina umri wake. Ikitunzwa vizuri hukaa miaka 10 hadi 15, mara nyingine zaidi, kisha hubadilishwa, na katika kubadilisha huko jino lililo chini linaweza kupungua tena.

Kwa hiyo msichana wa miaka 26 hajiamulii yeye peke yake. Anamwamulia pia mwanamke wa miaka 40 atakayelazimika kurudi kwenye kiti cha daktari, na mama wa miaka 55 ambaye huenda wakati huo ana watoto chuoni na hana akiba, na bibi wa miaka 70 ambaye hatajali tena wageni wa kwenye basi wanasema nini. Hao wote watabeba jina lake, na hakuna hata mmoja wao awezaye kuja leo kutoa kauli. Mambo mengi tunayofanya ujanani yana sura hiyo, ndoa ikiwemo, lakini katika ndoa kuna mtu wa pili wa kuzungumza naye. Hapa mtu anaweka agano na nafsi yake ambayo bado haijazaliwa. Nilimwambia binti yangu alifikirie hilo kabla ya kufikiria weupe.

Kisha tukazungumza juu ya kile anachotaka kukifunika, kwa sababu nadhani wengi wetu hatukijui. Ardhi yetu ni ya volkano. Maji yanayopita katika miamba ya Bonde la Ufa, kutoka Meru hadi Naivasha na Nakuru kule Kenya, huyeyusha floridi na kushuka nayo mitoni na visimani. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla hayajaonekana, na kufikia miaka 8 enameli ya karibu meno yote yanayoonekana mtu akicheka imekwisha kujengwa. Mtoto akinywa floridi nyingi katika miaka hiyo, ujenzi unaharibika, na enameli inatoka na vinyweleo vidogo ndani yake. Jambo lililonishangaza nilipolijua ni kwamba jino hilo halichomozi likiwa la kahawia. Huchomoza likiwa jeupe kama chokaa, lisilo na mng'aro. Kahawia huja baadaye, vinyweleo vinaponyonya rangi ya kile tunachokula na kunywa.

Basi katika jino langu mna mwamba wa mlima, halafu mna chai ya nyumbani, mna maharage, mna magadi ambayo mama alilainishia makande akiokoa kuni, naye hakujua kwamba magadi yenyewe yana floridi. Ni kumbukumbu ya jiko zima. Kuna siku nalitazama hivyo na moyo unajaa. Hata hivyo naogopa kulitukuza. Madini haya haya yakizidi huenda kwenye mifupa, yakapinda miguu ya watoto na kukakamaza migongo ya wazee, na mtu yeyote wa Meru anajua nyumba ambayo mtoto hutembea kwa matege makubwa. Tulidhurika. Kudhurika pamoja kunaunganisha watu, lakini hakugeuzi madhara kuwa urithi wa kujivunia. Anayemwambia binti yangu kwamba rangi ile ni utambulisho wake, asiiguse, anamtaka atunze jeraha kwa niaba ya kabila.

Wapo pia wanaosema tu, "Jikubali ulivyo." Mara nyingi wanaosema hivyo wana meno meupe. Hawajui mazoea ya kiganja kinachopanda chenyewe mdomoni mzaha unapokolea. Hawajui picha za shule ambazo darasa zima limecheka na watatu wamefumba midomo. Na hawajui linalouma kuliko yote, yaani kuambiwa huna usafi. Binti yangu alipokwenda kusoma Dar es Salaam, mwenzake wa chumba alimnunulia dawa ya meno kama zawadi, kwa nia njema kabisa. Alilia. Alikuwa akipiga mswaki mara mbili kwa siku tangu utotoni. Kipara au kovu havimtuhumu mtu, lakini kahawia ya meno humsingizia. Husema "mvivu" na "mchafu" kabla mwenyewe hajafungua kinywa kujitetea, na akikifungua ndiyo inazidi kuonekana.

Hata sayansi ilichukua muda kuiondoa tuhuma hiyo. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia kama yetu. Watu walilaumu nyama ya nguruwe, walilaumu maziwa mabovu. McKay alilifuata jambo hilo kwa miaka 30, hadi mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kukuta floridi. Katika safari hiyo McKay aliona pia kwamba meno yale ya kahawia hayaozi kwa urahisi, na kutokana na hilo mji wa Grand Rapids ukaanza mwaka 1945 kutia floridi kidogo katika maji yake ili kulinda meno ya watoto. Kwa hiyo doa tunaloambiwa ni uchafu ndilo lililofundisha dunia kuzuia meno kuoza. Nilimweleza binti yangu habari hii kwa sababu nadhani mtu akiamua kuhusu uso wake ni vema aamue akiwa amekwisha kuvuliwa lawama. Uamuzi unaofanywa chini ya tuhuma si wa huru, hata ukiwa sahihi.

Sasa, je, kufunika ni kusema uongo? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni hapana. Jino la kahawia ndilo linalosema uongo juu yake kwa mgeni asiyejua. Vinia inaunyamazisha. Lakini lazima nikiri kwamba hapo kuna jambo linalonikera: aliyekosea ni yule anayehukumu, na anayelipa, kwa pesa na kwa enameli, ni yule anayehukumiwa. Mwenye macho mabaya anaondoka bure.

Wazee wa dini katika familia yetu wana hoja nyingine, kwamba mwili uachwe kama Mungu alivyouumba. Nawaheshimu, ila kwa habari ya meno nchi zetu hazijapata kufuata kanuni hiyo. Wamakonde walichonga meno yakawa na ncha. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini ya mbele kwa vijana wao. Wamasai, majirani zetu, wameng'oa mawili ya chini kwa vizazi. Hadi leo wapo watu wazima wanaolipa kutengenezewa mwanya, kwa kuwa mwanya kwetu ni uzuri. Tofauti ninayoiona kati ya desturi hizo na vinia haiko kwenye kuugusa mwili. Mambo yale yalifanywa mbele ya watu wote, kila mtu akijua yamefanywa, na yalimtambulisha mtu kwa walio wake. Vinia hufanywa kwa matumaini kwamba hakuna atakayejua, na weupe wake hauna kwao. Rangi huchaguliwa kwenye kipimo cha daktari, na wengi huchagua nyeupe kuliko jino lolote alilopata kuzaliwa nalo binadamu.

Chanzo chake kinaeleza mengi. Miaka ya 1930, daktari wa meno wa Hollywood aliyeitwa Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji maganda membamba ya kuvaa wakati wa kupiga filamu. Yalishikizwa kwa unga wa kugandisha meno ya bandia, na mtu hakuweza kuyalia chakula. Aliyavua kamera ikizimwa. Baadaye, mwaka 1955, Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikichokonolewa kwa asidi ya fosforiki gundi hushika barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kauri nayo ikapatiwa namna ya kushika. Kuanzia hapo uso uliotengenezwa kwa ajili ya kamera ukaweza kuketi mezani, kulala, kuamka na kuzeeka na mtu. Siku hizi kila mmoja wetu amebeba kamera mfukoni, na huenda ndiyo sababu hatuuvui tena uso huo.

Kuna kitendawili cha watoto kinachouliza ni kitu gani kilicho changu lakini wengine hukitumia zaidi, na jibu ni jina. Meno ya mbele ni vivyo hivyo. Mimi huyaona yangu kwenye kioo dakika chache tu, lakini walio karibu nami wameishi nayo. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba ni mwili wako, amua mwenyewe, basi. Mwili ni wake, ndiyo. Cheko lake lakini ni la nyumba nzima, na tutakaoliona likibadilika ni sisi. Zaidi ya hayo, dada yangu, mama yake, ana meno yale yale. Binti akisema mbele ya mama yake, "Mimi haya siyataki," amesema jambo juu ya vinywa viwili. Nilimwangalia dada siku ile neno lilipotamkwa sebuleni, nikitaka kujua limempata vipi. Alimaliza kupepeta mchele wake, akasema, "Ningekuwa na pesa wakati uko sekondari, ningekuwekea mimi." Hakuongeza neno. Kwake upendo kwa binti haukuhitaji binti afanane naye, na tangu hapo hoja yangu ya ufanano wa ukoo nimeishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, nisije nikamlemea nayo mtu.

Waswahili husema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilidhani methali hiyo ingetosha kumaliza mjadala, lakini kila nikiitafakari naona inahusu hali nyingine. Jino la pembe hujaza mahali ambapo jino halipo. Vinia hukaa juu ya jino lililopo, lenye uhai, linalotafuna vizuri, na ambalo kwa kawaida lazima lipunguzwe ili lifunikwe. Hilo ni zito kuliko pengo. Ndiyo maana nilimsihi aanzie kwenye njia zinazochukua kidogo. Zipo. Daktari anaweza kusugua tabaka la juu kabisa kwa asidi hafifu na unga laini wa kukwangua, akaondoa kahawia ya juujuu. Anaweza kung'arisha kwa dawa. Anaweza kupenyeza utomvu maalumu katika vile vinyweleo ili jino lipate mng'aro. Kwa jino lililokolea sana njia hizi hazitoshi, na hapo vinia ina haki ya kuzungumzwa. Hata hivyo daktari mwaminifu atamwambia kwamba enameli iliyojaa floridi ni ngumu kuchokonolewa kwa asidi, na gundi huenda isishike kama kwa mtu mwingine. Ukaidi huo wa jino umenigusa. Tena asidi inayotumika kuichokonoa kauri yenyewe ili ishike ni ya haidrofloriki, ndugu wa karibu wa kile kilichotutia rangi. Hatuachani na floridi hata tunapoikimbia.

Na asichanganye vinia na yale yanayoonyeshwa kwenye video za vijana wanaosafiri kwenda Uturuki, meno mazima yakasagwa pande zote hadi yakabaki vigingi. Yale ni makofia ya kufunika jino lote. Kumfanyia hivyo mtu wa miaka 26 mwenye meno mazima, kwa sababu ya urembo tu, naona ni ukatili, na sitapunguza neno hilo.

Nilimwuliza mwisho anataka nini hasa, kando ya weupe. Alifikiri, akasema, "Nataka nicheke bila kukumbuka." Sijapata kusikia mtu akiueleza uhuru vizuri hivyo. Mtu aliye huru hajitazami, anatazama kilichomchekesha. Meno yake yanamnyima hilo, kwa kuwa katikati ya kila furaha yanamrudisha kwake mwenyewe. Swali basi ni kama kauri itampa usahaulifu huo. Sidhani itampa wote. Mwenye vinia naye ana ya kukumbuka: asiume muwa kwa meno ya mbele, asifungue soda kwa meno, avae kinga usiku kama husaga meno usingizini, na ajue kwamba siku moja ganda litabanduka akiwa mbali na daktari. Lakini kukumbuka kwa sababu ya utunzaji si sawa na kukumbuka kwa sababu ya aibu. La kwanza ni jepesi, na nisingependa kumnyima kwa kujidai kwamba yote ni mzigo mmoja.

Mimi sitaweka. Umri umenifikisha mahali ambapo jicho la mgeni haliamui kazi yangu wala ndoa yangu. Ninayo pia sababu nyingine. Watoto wa mtaani kwetu wana meno kama yangu, na wananiona nikisimama kanisani na kwenye mikutano ya kijiji, nikizungumza kinywa wazi. Sote tunaoweza kulipa tukifunika, kahawia haitasema tena "Meru". Itasema "maskini". Itabaki kwa wale tu waliokosa njia, na aibu yao itaongezeka kwa kiasi kile kile sisi tulichoipunguza yetu. Ninaliona hilo waziwazi. Lakini siwezi kumdai msichana anayeanza maisha aibebe aibu ili wengine waipate nafuu. Mtu anaweza kujitolea hivyo, hawezi kutolewa na shangazi wala mama mdogo. Nikamjibu kwamba hapana, hutakuwa umefanya vibaya, na kama kuna anayekudai ni yule bibi wa miaka 70 utakayekuwa wewe. Kaa naye kwanza.

Deni kubwa zaidi liko kwenye maji, na hilo ni letu sote. Kwa miaka mingi kiwango cha floridi kilichoruhusiwa Tanzania kilikuwa miligramu 4 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani lilishauri 1.5, kwa kuwa mahali pengi watu hawakuwa na maji mengine ya kunywa. Sasa nasi tumeshuka hadi 1.5 kwa maandishi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri ikawa mkaa, na maji yakipitishwa humo floridi huukamata mfupa uliokufa badala ya kuingia katika jino la mtoto linalojengwa. Mkaa huo hujaa na lazima ubadilishwe, na nyumba nyingi huuacha baada ya muda. Maji ya mvua hayana tatizo hilo.

Binti yangu ameamua kuanza na kusuguliwa meno mawili ya mbele, aone yatakavyokuwa, na vinia ameisogeza mbele bila kuifuta. Kaka yake ana mtoto wa miaka miwili, na meno ambayo mtoto huyo atacheka nayo akiwa mtu mzima yanajengwa sasa. Sehemu ya akiba yake binti ameitoa wanunue tenki la maji ya mvua pale kwa kaka yake, kisha akampigia wifi yake simu, wakakubaliana makande ya mtoto yapikwe bila magadi, kuni zikiisha nyingi na ziishe. Mimi nimeahidi mifereji ya paani. Fundi anakuja kabla ya masika.